Gofu na Hame

Kazi yangu ni maji. Napima visima, nachagua pampu, nakagua matangi hapa Dodoma na vijiji vya Chamwino na Bahi. Kwa hiyo nilipokuwa masomoni Beijing, na rafiki yangu wa darasani akaniambia kwamba si mbali na chuo kuna bustani ya kale ya wafalme ambamo maji yalirushwa juu kwa chemchemi kabla umeme haujajulikana, sikumuuliza habari za wafalme. Nilimuuliza maji yalipandaje.

"Nenda kaone mwenyewe," akasema.

Ilikuwa Oktoba 2023. Nilipanda treni ya chini ya ardhi, njia namba 4, nikashuka kwenye kituo chenye jina la bustani yenyewe, Yuanmingyuan. Baridi ilikuwa imeanza. Sisi wa Dodoma tunaijua baridi ya asubuhi ya Julai, ile inayokufanya uvae sweta mpaka saa nne, lakini ya Beijing haiondoki jua likipanda. Nikakata tikiti, nikajifunga skafu vizuri, nikaingia kwa lango la kusini.

Kwanza nilishtuliwa na ukubwa. Eneo zima ni kama hekta 350, na zaidi ya theluthi moja yake ni maji: maziwa, mifereji, madimbwi ya mayungiyungi. Mtu wa kwetu, anayesubiri mvua kuanzia Desemba na kuiaga Aprili, anayejua lambo linavyopungua kila wiki mpaka linabaki tope lenye nyayo za ng'ombe, akisimama ukingoni mwa ziwa la Fuhai hawezi kusema neno kwa muda. Ziwa lile lilichimbwa na watu. Udongo uliotoka humo ukajengwa vilima pembeni, na vilima vipo hadi leo, vimeota misonobari. Mayungiyungi yalikuwa yameshakauka, majani yake ya kahawia yameinamia maji. Bata maji wawili weusi wenye midomo myekundu walipita katikati yake bila haraka.

Mfalme Kangxi ndiye aliyempa mwanawe wa nne eneo hili mwanzoni mwa karne ya 18. Mwana huyo alipotawala kwa jina la Yongzheng akalipanua likawa makao yake, kisha Qianlong, mwanawe, akaongeza bustani nyingine mbili, Changchunyuan na Qichunyuan, zikaungana kuwa kitu kimoja. Jina Yuanmingyuan ukilitafsiri linakaribia "Bustani ya Nuru Timilifu". Wafalme waliishi hapa sehemu kubwa ya mwaka, wakaendeshea serikali hapa, si mjini kwenye kasri kubwa ambalo watalii wote wanalijua.

Lakini mimi nilikuwa natafuta pampu.

Sehemu ya chemchemi iko pembeni kabisa, ukanda mwembamba kaskazini mwa Changchunyuan. Wenyewe wanaiita Xiyanglou, majumba ya Kizungu. Qianlong aliona picha ya chemchemi za Ulaya akazitaka. Mchoraji Giuseppe Castiglione, Mjesuiti wa Italia aliyekuwa akiishi Beijing, akachora majumba. Maji akapewa Mjesuiti mwingine, Mfaransa, Michel Benoist. Huyu hakuwa fundi wa maji. Alikuwa mtu wa hesabu na nyota. Alijisomea namna ya kupandisha maji ndipo akajenga, na chemchemi za kwanza zikaruka. Nikiwa mtu wa kazi hiyo hiyo, namvulia kofia.

Chemchemi iliyonileta ilikuwa mbele ya jumba la Haiyantang. Ilikuwa saa ya maji. Kulikuwa na sanamu kumi na mbili zenye miili ya binadamu na vichwa vya wanyama wa miaka ya Kichina: panya, ng'ombe, chui milia, sungura, joka, nyoka, farasi, kondoo, nyani, jogoo, mbwa, nguruwe. Kila mnyama alitema maji kwa saa zake mbili, kisha akampisha mwenzake. Farasi alikuwa wa kuanzia saa tano hadi saa saba mchana. Ikifika saa sita kamili, jua utosini, wote kumi na wawili wanatema kwa pamoja. Nilisimama pale nikawaza kwamba Mswahili angeisoma saa ile bila kufundishwa, kwa sababu saa sita yetu ndiyo hiyo, katikati ya mchana.

Sasa kuna mawe tu. Ngazi zilizovunjika, birika kavu, vipande vya marumaru vyenye maua yaliyochongwa kwa upole wa ajabu. Vile vichwa vya shaba havipo. Nyuma ya hapo lakini kimebaki kitu ambacho watalii wengi walikipita bila kukitazama: kichuguu kikubwa cha udongo ulioshindiliwa. Kwangu hicho ndicho kilikuwa moyo wa mahali pale. Juu yake lilikaa tangi, na hapo nikapata jibu la swali langu. Maji yalivutwa kwa mitambo mpaka juu, yakahifadhiwa, halafu yakashuka kwa uzito wake kwenye mabomba na kuruka upande wa pili. Ni kanuni ile ile ya simtanki juu ya mnara wa chuma kijijini. Ukilipandisha tangi juu, presha unaipata bure.

Nilikaa karibu na kile kichuguu muda mrefu kuliko mahali pengine popote siku ile, kwa sababu ya jambo nililokuwa nimesoma. Benoist alifariki mwaka 1774. Baada yake mitambo ya kuvuta maji iliharibika na hapakuwa na mtu wa kuitengeneza kama alivyoiacha. Basi mfalme akitaka kupita kutazama chemchemi, watu walijipanga wakabeba maji kwa ndoo mpaka tangini, yakajaa, yakafunguliwa mfalme anapokaribia. Akishapita, kimya.

Nimeona jambo hili kwa macho yangu. Kijiji kimoja, sitakitaja, kilikuwa na kisima kirefu na pampu nzuri. Mzee mmoja ndiye aliyeijua. Alijua sauti ya mota ikiwa sawa na sauti yake ikianza kuchoka, alijua koki ipi ifungwe nusu, na daftari lake la kila siku lilikuwa safi kuliko ya ofisi nyingi. Alipofariki hapakuwa na aliyefundishwa. Miezi minne baadaye nilifika nikakuta akina mama wamerudi korongoni kufukua mchanga na kuchota maji kwa kata. Tangi lilikuwa zima, bomba zima. Kilichozikwa ni ule ujuzi. Tangu siku ile, nikikabidhi mradi huwa nadai wahudumu wa pampu wawili na kijana mmoja wa kujifunza kwao, na nimebishana na watu kwa ajili hiyo. Pale Beijing, mbele ya kichuguu cha udongo, niliona hoja yangu ina umri wa miaka mia mbili na nusu.

Kutoka hapo unafika Dashuifa, chemchemi kuu, na hapo ndipo umati ulipo. Ni lile lango la mawe meupe lililosimama peke yake, nguzo zimebaki, paa hakuna. Chini yake birika ambamo mbwa wa shaba walimzunguka paa dume, kila mmoja akimrushia maji. Ng'ambo yake kiti cha mfalme, na nyuma ya kiti mawe matano marefu yaliyochongwa mizinga, bendera na silaha za Kizungu. Kila mtu anapiga picha hapo. Ukitafuta Yuanmingyuan popote, picha unayoletewa ni hii.

Mlinzi wa pale alinisogelea akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Tanzania. Akaitikia kwa furaha, halafu akanyoosha mkono, si kwenye mawe, bali kusini magharibi, kule kwenye miti na maziwa nilikokuwa nimepita. Kwa Kichina changu kidogo nikamwelewa: bustani ilikuwa kule. Hapa ni kipande tu.

Nikaenda kuhakikisha baadaye. Ni kweli. Majumba ya Kizungu hayafiki hata asilimia 2 ya eneo lote. Asilimia 98 iliyobaki ilikuwa ya Wachina wenyewe, kumbi, vibaraza, madaraja, mahekalu, maktaba, karibu yote ya mbao. Na mbao ziliungua.

Waliochoma wanajulikana. Oktoba 1860, mwishoni mwa Vita vya Pili vya Kasumba, yaani afyuni, majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalifika. Mfalme Xianfeng alikuwa ameshakimbia. Yakapora kwa siku kadhaa. Kisha habari zikafika kwamba kati ya wajumbe na askari wao waliokamatwa mwezi uliotangulia, karibu nusu walikufa kifungoni kwa mateso. Lord Elgin, mjumbe mkuu wa Uingereza, akaamuru bustani ichomwe iwe adhabu kwa mfalme. Wafaransa walikataa kushiriki uchomaji, ingawa kupora walikuwa wameshapora. Moto ulianza tarehe 18 Oktoba ukawaka kwa siku kadhaa, na askari wapatao 3,500 walitumwa kuusambaza. Mmoja wa maofisa wale alikuwa Charles Gordon, yule yule aliyekuja kuuawa Khartoum mwaka 1885. Aliandika nyumbani kwamba moyo uliuma kuteketeza vitu vizuri namna ile. Aliteketeza hata hivyo. Vifo vya wafungwa vilikuwa uovu, na waliofiwa walikuwa na haki ya kulia. Lakini sijaona kilio kinachoponywa kwa kuchoma maktaba. Katika jumba la Wenyuange ilikuwapo mojawapo ya nakala 7 za mkusanyo mkuu wa vitabu ulioamriwa na Qianlong, juzuu zipatazo 36,000 zilizoandikwa kwa mkono. Zikawa moshi.

Baada ya hapo majeshi ya kigeni yakaja tena mwaka 1900, na katika vurugu zile wenyeji nao wakabeba miti na vigae vilivyosalia. Mawe yakachukuliwa kujengea nyumba na bustani nyingine. Nguzo mbili nzuri za kuchongwa zimesimama leo ndani ya Chuo Kikuu cha Peking, mwendo mfupi tu kutoka pale. Watu wakalima mpunga ndani ya maziwa yaliyokauka. Hifadhi ilifunguliwa rasmi mwaka 1988.

Niliufuata mkono wa yule mlinzi. Nikarudi kusini magharibi, safari hii polepole, nikitafuta. Unaona jiwe dogo lenye maandishi: hapa palikuwa na ukumbi fulani. Mbele yake tuta la udongo, nyasi, pengine mstari wa mawe ya msingi usiozidi kimo cha goti. Daraja moja limebaki tao. Unakwenda, jiwe jingine, tuta jingine. Bibi mmoja Mchina alikuwa akifanya mazoezi ya mikono juu ya tuta mojawapo, macho amefumba. Na hapo, bila kutarajia, nikakumbuka neno ambalo bibi yangu hulitumia: mahame.

Kiswahili kina gofu na kina hame, na kwa miaka mingi nilikuwa nayachanganya. Gofu lina kuta. Hame ni mahali watu waliishi wakaondoka, na huenda pasiwe na ukuta hata mmoja, unapajua kwa sababu unaambiwa au kwa sababu udongo wenyewe umebadilika rangi. Pale Xiyanglou ni magofu. Bustani yenyewe ni hame. Na dunia nzima inapiga picha gofu, kwa kuwa jiwe husimama, inaondoka ikidhani imeiona bustani.

Kwetu ni hivyo hivyo. Mgeni akiuliza Dodoma kuna jengo gani la kale, tunampeleka stesheni ya reli iliyojengwa wakati wa Wajerumani. Ni ya mawe, imesimama. Lakini Wagogo walikuwa wanajenga kabla ya stesheni. Walijenga tembe: nyumba ndefu nyembamba zinazozunguka ua, kuta za miti na udongo, paa tambarare la fito lililofunikwa udongo, ng'ombe wamelala katikati, familia inawasikia usiku kucha wakicheua. Tembe ikiachwa, mvua mbili tatu zinatosha. Inarudi ardhini ilikotoka, na anayepita baadaye anasema hapa hapakuwa na kitu.

Za bustani ile zipo angalau picha. Mwaka 1744 wachoraji wa Qianlong, Shen Yuan na Tang Dai, walimaliza picha 40 za rangi kwenye hariri, mandhari 40 za Yuanmingyuan, kila kibaraza na kila mti mahali pake. Ukitaka kuziona za asili nenda Paris, kwenye maktaba ya taifa, maana zilichukuliwa mwaka ule ule wa 1860. Nilizitazama kwenye kitabu chuoni jioni ile, nikatambua tuta alilosimama yule bibi wa mazoezi. Palikuwa na jumba juu ya maji.

Kabla ya kutoka nilipita hekalu la Zhengjuesi, mojawapo ya majengo machache sana yaliyonusurika. Ndani yake, kwenye sanduku la kioo, kuna kichwa cha farasi, yule wa saa sita mchana. Kilinunuliwa na tajiri wa Macau, Stanley Ho, mwaka 2007, akakitoa zawadi, na mwishoni mwa 2020 kikarejea Yuanmingyuan. Vichwa saba kati ya kumi na viwili vimerudi China. Panya na sungura walirudishwa mwaka 2013 na familia moja ya Ufaransa. Vitano bado.

Nilikaribia mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Ni shaba yenye wekundu wa kahawia. Manyoya ya shingoni yamechorwa unywele kwa unywele, na yaliyo kwenye paji la uso yamegawanyika kama farasi ametoka kutikisa kichwa. Mdomo uko wazi kidogo. Nikainama kuangalia ndani ya mdomo, pale bomba lilipokuwa linatokea. Giza tu.

Huko China wapo waliotaka bustani ijengwe upya, na nakala yake imekwisha kujengwa Hengdian, mbali sana kusini. Mimi, kwa nilichokiona, nipo upande wa wanaotaka paachwe. Hata maji yenyewe hayataki kulazimishwa: mwaka 2005 waliweka karatasi za plastiki chini ya maziwa ili maji yasizame, wananchi wakapinga, ikabidi kifanyike kikao cha wazi cha serikali kuhusu mazingira, na sehemu ya plastiki ikaondolewa. Namwelewa aliyeziweka, kwetu kila mwenye lambo anaota kitu kama hicho. Lakini ziwa la pale linaishi kwa kupumua na udongo wake.

Niliporudi nyumbani, Juni, tukiwa tumemaliza kuvuna uwele, nilimwomba bibi anipeleke kwenye mahame yao, upande wa Hombolo. Walihama pale mwaka 1971 wakati wa Operesheni Dodoma, wakaenda kijiji cha pamoja. Nguzo za nyumba walizibeba. Tulikwenda kwa bajaji mpaka barabara ilipoishia, tukatembea. Nilikuwa na daftari la kazini na penseli.

Kwa macho yangu palikuwa pori. Mbuyu, miiba, vumbi jekundu. Bibi alisimama, akaweka mkono juu ya macho, akatafuta mbuyu ulipo kisha jabali lilipo, akaanza kutembea kama mtu anayeingia kwake. Alinionyesha mahali nyasi ni ndefu na udongo mweusi: zizi. Akapapasa kwa mguu chini ya kichaka, akasema, "Lipo." Nikafukua kwa mikono. Jiwe la kusagia, limeliwa katikati kama ngozi ya ngoma iliyolegea, laini, baridi. Yeye na mama mkwe wake walisagia hapo.

Basi tukachora. Yeye anatembea, mimi nahesabu hatua na kuandika. Mlango ulitazama wapi, nani alilala upande gani, ghala la mtama lilikaa wapi, moshi ulitokea wapi. Mara mbili alinikosoa, akasema chumba kile si kirefu hivyo, rudi nyuma hatua moja. Nilipokuwa nimesimama nikichora kona ya kaskazini akaniambia, taratibu kabisa:

"Mjukuu wangu, sogea kidogo hapo. Hapo ndipo nilipomzaa mama yako."

Nikasogea. Upande wa mashariki bado hatujauchora, maana jua lilikuwa limezama na miguu yake imechoka. Tutarudi kabla ya mvua, nikiwa na futi ya mita thelathini, na mdogo wangu aje pia ili ajue njia.